Umri na Uamiliaji wa Lugha ya Kwanza: Mtoto Asikiaye na Mtoto Kiziwi katika Kisii na Nyamira

Utangulizi

Kila mwanafunzi wa Kiswahili aliyepitia kozi ya isimunafsi amewahi kukumbana na swali hili: je, mtoto akikosa lugha katika miaka yake ya mwanzo, anaweza kuipata baadaye? Aghalabu swali hujibiwa kwa visa viwili vitatu vya mbali, vya watoto waliofungiwa chumbani au waliookotwa msituni, kisha mhadhara ukaendelea na mada nyingine. Mwanafunzi hutoka darasani akidhani kwamba jambo lenyewe ni la ajabu na la nadra, lisilomhusu mtu yeyote wa kwao.

Makala haya yanakusudia kulileta swali hilo nyumbani, katika kaunti za Kisii na Nyamira. Eneo hili limechaguliwa kwa sababu malezi ya watoto wa Abagusii yalichunguzwa na wanaanthropolojia kwa kina kisicho cha kawaida barani Afrika, na matokeo yake yanagusa moja kwa moja kiini cha suala la umri. Zaidi ya hayo, katika kaunti hizi, kama kwingineko nchini Kenya, wapo watoto ambao hadi leo hufikia umri wa kwenda shule bila lugha ya kwanza kamili. Watoto hao hawakufungiwa na yeyote. Wamebebwa mgongoni, wamelishwa na kupendwa. Ni watoto viziwi waliozaliwa na wazazi wanaosikia.

Kabla ya kuendelea yafaa tukumbushane tofauti ya istilahi mbili. Kuamili lugha ni kuipata bila kufunzwa, kwa kuishi tu miongoni mwa wanaoitumia. Kujifunza lugha ni kuipata kwa juhudi na maelekezo, kama mwanafunzi wa Kifaransa afanyavyo. Tunapouliza kuhusu umri na lugha ya kwanza, swali letu ni la uamiliaji. Wengi hulichanganya na lile la mtu mzima anayetatizwa na lugha ya pili, na kama tutakavyoona, mchanganyiko huo una madhara.

Mtoto asikiaye na sauti za Ekegusii

Ekegusii hakina sauti [l] wala [p]. Kwa hiyo mzee aliyejifunza Kiswahili ukubwani huenda akaomba "karamu" ilhali anataka kalamu ya kutia sahihi. Jambo hili huchekesha watu, lakini lina maelezo yake ya kisayansi. Mnamo mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees walionyesha kwamba watoto wachanga wa miezi 6 hadi 8 waliolelewa katika Kiingereza nchini Kanada waliweza kutofautisha sauti za Kihindi ambazo wazazi wao hawakuzitofautisha. Kufikia miezi 10 hadi 12 uwezo huo ulikuwa umefifia. Utafiti wa baadaye kuhusu watoto wa Kijapani ulipata mwelekeo kama huo kwa sauti [r] na [l] za Kiingereza. Mtoto huanza akiwa wazi kwa sauti za lugha nyingi, kisha sikio lake hujifunga polepole kwenye zile anazozisikia kila siku. Hivyo basi athari ya umri huanza kabla mtoto hajatamka neno lake la kwanza.

Sarufi nayo hufuata upesi. Mtoto wa Kisii hulazimika kuamili mfumo wa ngeli ulio wazi kuliko hata ule wa Kiswahili. Kwetu "nyumba" ni ileile katika umoja na wingi. Katika Ekegusii ni enyomba na chinyomba. Jiwe ni rigena, mawe ni amagena. Mtoto ni omwana, watoto ni abana, na kila nomino huvuta upatanisho wake katika sentensi. Mgeni mtu mzima huhangaika na mfumo huu kwa miaka. Mtoto je? Katherine Demuth, aliyechunguza watoto wa Lesotho wanaozungumza Sesotho, alibaini kuwa watoto wa Kibantu huanza kwa kuacha viambishi vya ngeli, kisha hutia irabu isiyo dhahiri mahali pake, na kufikia umri wa miaka mitatu hivi huwa wameumudu mfumo kwa makosa machache. Kamil Ud Deen naye, katika kitabu alichochapisha mwaka 2005 kuhusu watoto 4 wa Nairobi wanaoamili Kiswahili, alionyesha jinsi viambishi vya nafsi na njeo vinavyodondoshwa mwanzoni kwa utaratibu maalumu, si ovyoovyo. Hakuna aliyewafunza watoto hao ngeli. Sisi tuliofunzwa ngeli kwa ubao na chaki twajua ni kazi gani.

Malezi ya Abagusii na swali la nani huzungumza na mtoto

Hapa ndipo Ugusii unapotoa mchango wake mkubwa. Robert LeVine na Barbara LeVine walifanya utafiti katika jamii ya Abagusii katikati ya miaka ya 1950, na kitabu chao kikachapishwa mwaka 1966. Robert LeVine alirejea na kundi la watafiti katika miaka ya 1970, na matokeo yakatolewa katika kitabu kingine mwaka 1994. Waliwalinganisha akina mama wa Kigusii na akina mama wa tabaka la kati wa Boston, Marekani.

Tofauti ilikuwa kubwa. Mama wa Kigusii alimbeba mtoto wake kwa muda mrefu zaidi na kumnyamazisha upesi kila alipolia. Lakini alizungumza naye kwa uchache, na hakumkazia macho kwa muda mrefu kama mama wa Boston, ambaye alimsemesha mtoto, akamwuliza maswali na kujijibu mwenyewe kana kwamba anaongea na mtu mzima. Mtoto wa Kigusii alipotimiza mwaka wa pili, mama hakuongeza mazungumzo kama mwenzake wa Marekani alivyofanya. Lengo lake lilikuwa mtoto aishi, atulie, atii. Kuhusu kukaziana macho, watafiti walilihusisha jambo hilo na adabu ya jumla ya jamii, ambamo kanuni za heshima baina ya vizazi, zinazoitwa chinsoni, huwazuia watu fulani kutazamana au kutaniana kwa uhuru.

Msomaji aliyezoea vitabu vya malezi vya kigeni angetarajia kwamba watoto hao wangechelewa sana kusema, au wasipate lugha barabara. Sivyo ilivyokuwa. Watoto wa Abagusii waliamili Ekegusii kikamilifu, kwa toni zake na ngeli zake, kizazi baada ya kizazi. Waliipataje lugha hiyo? Jibu limo katika neno omoreri. Omoreri ni mlezi, na neno lenyewe ni ndugu wa "mlezi" wa Kiswahili: palipo na [l] kwetu, wao wana [r]. Huyu aghalabu alikuwa dada au kaka mdogomdogo aliyekabidhiwa mtoto mama anapokuwa shambani. Mtoto alishinda miongoni mwa abareri na wenzao, akisikia kelele zao, ugomvi wao, michezo yao na amri zao. Bibi naye alikuwapo, na majirani, na kuni zikipasuliwa huku watu wakisimuliana. Mama alinyamaza, lakini boma halikunyamaza.

Tunajifunza nini? Kwamba mtoto hahitaji mtindo mmoja wa kuzungumziwa. Dhana iliyoenea kuwa bila usemi wa kitoto wa mama, ule wa sauti nyembamba na maneno ya kurudiarudia, lugha itakwama, haithibitiki Ugusii. Kinachohitajika ni lugha hai inayotumiwa na watu halisi mahali ambapo mtoto anaweza kuifikia, tena katika miaka ya kwanza. Sharti ni kufikiwa na lugha. Mlango wa kufikiwa waweza kuwa mama, omoreri au ua mzima.

(Hali imebadilika tangu watafiti hao waondoke. Elimu ya msingi bila malipo ya mwaka 2003 iliwapeleka abareri wengi darasani, na katika miji ya Kisii, Nyamira na Keroka mlezi wa mchana mara nyingi ni yaya aliyeajiriwa, ambaye huenda asijue Ekegusii. Mtoto wa namna hiyo huweza kupata Kiswahili kama lugha ya kwanza. Wazee hulalamika, na wana haki yao, kwani Ekegusii kinapoteza wasemaji. Lakini hilo ni suala la urithi wa jamii. Mtoto huyo hakukosa lugha. Amepata nyingine, na kwa wakati.)

Nadharia tete ya kipindi nyeti

Wazo kwamba ubongo una muda wake wa kupokea lugha lilitajwa na Wilder Penfield na Lamar Roberts mwaka 1959, lakini aliyelipa umbo la nadharia tete ni Eric Lenneberg, mwaka 1967. Kwa maoni yake, lugha ya kwanza huamiliwa kati ya umri wa miaka miwili hivi na kubalehe. Baada ya hapo ubongo hupoteza unyumbufu wake.

Ushahidi unaotajwa sana ni wa Genie, msichana aliyegunduliwa Los Angeles mwaka 1970 akiwa na umri wa miaka 13, baada ya kufungiwa chumbani takriban maisha yake yote. Alipata msamiati mwingi, lakini sintaksia ilimshinda. Kwa maoni yangu kisa hiki kimetumiwa kupita kiasi. Genie alikuwa amepigwa, amenyimwa chakula bora na kunyimwa upendo. Nani awezaye kusema ni kipi kati ya hayo kilichomharibia lugha? Isitoshe, mtu mmoja si ushahidi wa kutosha kwa nadharia.

Ushahidi ulio imara umetoka kwa viziwi. Elissa Newport, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, aliwapima watu wazima viziwi waliotumia Lugha ya Ishara ya Marekani kwa zaidi ya miaka 30. Kundi moja liliipata tangu kuzaliwa, la pili kati ya miaka 4 na 6, la tatu baada ya miaka 12. Wote walikuwa watu wa kawaida waliolelewa vyema, na wote walikuwa na uzoefu wa miongo. Hata hivyo, katika mofolojia ya vitenzi, waliotangulia kuipata waliwazidi waliochelewa, hatua kwa hatua. Miaka 30 ya matumizi haikuweza kuliziba pengo la mwanzo.

Rachel Mayberry alisonga mbele zaidi mwaka 1993. Aliwachukua watu walioanza lugha ya ishara kwa kuchelewa, kati ya umri wa miaka 9 na 13, na kuwagawa makundi mawili. Baadhi yao walizaliwa wakisikia, wakapata Kiingereza, kisha wakapoteza uwezo wa kusikia. Kwao lugha ya ishara ilikuwa ya pili. Wengine walizaliwa viziwi. Kwao ilikuwa lugha ya kwanza. Umri wa kuanza ulikuwa mmoja, lakini wale wa lugha ya pili waliwashinda kwa mbali wale wa lugha ya kwanza. Mwaka 2002 yeye na wenzake waliongeza kwamba kiziwi aliyepata lugha mapema, iwe ya ishara au ya sauti, hujifunza lugha nyingine vizuri baadaye, ilhali aliyekosa lugha utotoni hutatizika katika kila lugha anayokutana nayo.

Tusipite matokeo haya haraka. Yanatuambia kwamba kuchelewa kwa lugha ya pili na kuchelewa kwa lugha ya kwanza si jambo moja. Anayejifunza Kiswahili akiwa na miaka 40 atabaki na "karamu" yake mdomoni, lakini atafanya biashara na kusoma gazeti, kwa kuwa chini yake pana msingi. Anayefika miaka 10 bila lugha yoyote hana msingi wa kujengea juu yake.

Mtoto kiziwi katika boma la Kigusii

Tumfikirie sasa mtoto aliyezaliwa kiziwi katika boma lilelile tulilolieleza. Mama anambeba, omoreri anacheza naye, bibi anasimulia jioni. Kila alichokihitaji mtoto asikiaye kipo, na hakuna hata kimoja kinachomfikia. Kwa kuwa desturi haikumtarajia mama azungumze sana na mtoto mchanga wala kumkazia macho, huenda ikachukua muda mrefu kutambua kwamba mtoto hasikii. Mtoto hutabasamu, huenda alipo mama, hutii ishara ya mkono. Akifika miaka miwili bila kusema, wazazi huambiwa wasubiri, kwani hata baba yake alichelewa. Upimaji wa masikio kwa kila mtoto mchanga bado si jambo la kawaida nchini. Mwaka wa tatu hupita hivyo, na wa nne.

Wapo pia walioupoteza uwezo wa kusikia kwa maradhi, hasa homa ya uti wa mgongo. Hapa umri huonyesha nguvu zake waziwazi. Mtoto aliyeugua akiwa na miaka minne huwa tayari ana Ekegusii kichwani. Aliyeugua akiwa na miezi minane hana. Hospitalini huenda wakaandikwa kwa neno moja, kiziwi, lakini kwa mwanaisimu hawa ni watoto wawili tofauti kabisa, na darasani watahitaji mambo tofauti.

Mtoto asiye na lugha hakai kimya. Hubuni ishara za nyumbani: ya kula, ya ng'ombe, ya baba, ya kwenda sokoni. Susan Goldin-Meadow ameonyesha kwamba ishara kama hizi huwa na mpangilio fulani, jambo linalodhihirisha msukumo wa lugha uliomo ndani ya mwanadamu. Lakini hazitoshi. Kule Nicaragua, shule iliyofunguliwa Managua mwaka 1977 iliwakutanisha watoto viziwi wengi kwa mara ya kwanza, na kutokana na ishara zao za nyumbani ikazuka lugha mpya. Ann Senghas na wenzake walipoichunguza waligundua kwamba walioipa sarufi iliyokomaa ni watoto waliojiunga wakiwa wadogo. Waliojiunga wakiwa wakubwa walibaki na namna rahisi zaidi. Hata pale ambapo lugha inaumbwa upya, umri una neno.

Nchini Kenya, shule za viziwi za Mumias na Nyangoma zilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwa muda mrefu mafundisho yalisisitiza kusoma midomo na kutamka, huku ishara zikikatazwa au kudharauliwa. Tangu mwaka 1984 vituo vya kuwatathmini watoto wenye ulemavu vilianza kufunguliwa wilayani. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha mradi wa utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya mwaka 1991. Katiba ya 2010 inalitaka taifa, katika Ibara ya 7, kuikuza lugha hiyo, na Ibara ya 120 inaifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Leo zipo shule na vitengo vya viziwi katika Kisii na Nyamira. Hatua hizi ni za kupongezwa. Hata hivyo karibu zote humngoja mtoto kwenye lango la shule, ilhali kipindi nyeti humpita akiwa nyumbani.

Mwalimu wa Kiswahili anahusikaje?

Huenda msomaji akauliza, haya yana nini na Chama cha Kiswahili? Yana mengi. Katika mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, watahiniwa viziwi waliruhusiwa kufanya Lugha ya Ishara ya Kenya mahali pa Kiswahili. Ulikuwa utaratibu wa haki, lakini uliwafanya wengi wetu tudhani kwamba mwanafunzi kiziwi si wetu. Mwalimu wa lugha anayeajiriwa Ogembo au Ekerenyo atamkuta mwanafunzi huyo hata hivyo, shuleni au kijijini, na wenzake watamgeukia yeye kwa kuwa ndiye aliyesomea isimu.

Jambo la kwanza kuuliza si kiwango cha uziwi bali tarehe: mtoto huyu alikutana lini na lugha ambayo angeweza kuipata? Kumpa mtoto wa miaka 9 aliyetoka nyumbani na ishara kumi na tano kitabu cha kusoma Kiswahili, kisha kumhukumu kuwa mzito wa akili, ni kumwadhibu kwa historia yake. Kusoma ni lugha ya pili juu ya ya kwanza. Ya kwanza ijengwe kwanza, kwa ishara, kwa wingi, miongoni mwa wenzake, hata kama ratiba ya darasa itacheleweshwa.

La pili ni hofu ya wazazi kwamba ishara zitamzuia mtoto kusema. Utafiti wa Mayberry unaelekeza upande mwingine: lugha moja iliyopatikana mapema husaidia nyingine. Mzazi wa Kisii aweza kulielewa hili kwa mfano ulio karibu naye. Mtoto wake asikiaye alianza na Ekegusii, kisha akaongeza Kiswahili na Kiingereza shuleni, na Ekegusii hakikumzibia njia.

La tatu linarudi kwa abareri. Mipango mingi ya kuwasaidia watoto viziwi, ikibuniwa kwa kufuata familia za kigeni, humlenga mama: aketi na mtoto, amtazame usoni, amfunze ishara. Katika boma la Kigusii mama huyo yuko shambani kwenye chai au sokoni, na hata akiwapo, si yeye pekee aliyezoea kumpa mtoto lugha. Wanaoshinda naye ni ndugu na watoto wa jirani. Mwalimu au mhudumu wa afya wa kijiji akifika na ishara mia moja za kuanzia, awakusanye hao kwanza. Wana umri wa miaka 7, 8 au 10. Bado ni wepesi wa kushika lugha wenyewe, hawaoni haya kutumia mikono, na wakirudi kutoka shuleni saa kumi jioni watazitumia kugombania mpira.